Kinga Iitwayo Dawa: Mankozebu katika Mashamba ya Viazi ya Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Utangulizi

Neno ukungu katika Kiswahili lina maana mbili. Ya kwanza ni ule mvuke mzito unaotanda juu ya ardhi asubuhi na kuificha milima. Ya pili ni uoto wa kijivujivu unaoshika mkate uliokaa, ngozi yenye unyevu na majani ya mimea. Mwanafunzi wa semantiki huzikuta maana hizi katika kamusi zimepangwa moja chini ya nyingine, naye huzijadili kama mfano wa polisemia au homonimia, kulingana na mwelekeo wa mhadhiri wake. Mkulima wa viazi wa Kieni, Naro Moru au Kibirichia hana haja ya mjadala huo. Shambani mwake maana hizi mbili hufuatana kama mtu na kivuli chake: ukungu wa kwanza ukilala juu ya majani kwa siku mbili tatu, ukungu wa pili haukawii kubisha hodi.

Hapo ndipo mkulima anaposhuka mjini, iwe ni Nyeri, Karatina, Nanyuki au Meru, akaingia katika agroveti na kuomba "dawa ya ukungu". Anachopewa mara nyingi ni unga wa rangi ya manjano iliyofifia, unaotoa harufu hafifu ya salfa. Ndani ya unga huo mna manganisi, metali ambayo wengi waliisoma katika jedwali la elementi na kuisahau pindi mtihani ulipokwisha. Makala haya yananuia kueleza unga huo ni kitu gani, unafanyaje kazi, unafikaje sokoni na unamfanya nini anayeupulizia. Hoja inayotetewa ni kwamba unga huu ni kinga wala si tiba, na kwamba tofauti hiyo, ambayo Kiswahili kina uwezo kamili wa kuibainisha, hupotea baina ya kaunta ya duka na shamba.

Jina na maumbile

Jina la kitaalamu la msombo huu ni mankozebu. Mwanaisimu atalitambua mara moja kuwa ni zao la uhulutishaji. Kabla ya mankozebu palikuwa na manebu, ambayo mwanzo wake umetokana na manganisi, na zinebu, iliyotokana na zinki. Kipande "ebu" kinachozikamilisha zote mbili ni ufupisho wa jina refu la kikemia, ethilini-bisi-dithiokabamati. Mankozebu ni manebu iliyofungamanishwa na zinki: manganisi ni takribani asilimia 20 ya uzito wake na zinki ni kama asilimia 2.5. Kampuni ya Rohm and Haas ya Marekani ndiyo iliyoileta sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa jina la Dithane M-45, jina ambalo lingali likitajwa na wazee wengi wa mashambani kana kwamba ndilo jina la aina nzima ya unga huu.

Jina refu la kikemia linatisha, lakini hufumbulika kwa njia ile ile ambayo mwanafunzi wa mofolojia hufumbua kitenzi chenye viambishi vingi. Ethilini ni uti mfupi wa atomi mbili za kaboni. Bisi ni mara mbili. Dithio ni salfa mbili. Kabamati ni fungu lenye naitrojeni na kaboni. Basi mtu na amfikirie mtu mfupi aliyenyoosha mikono yake miwili kando, na kila mkono una vidole viwili vya salfa. Vidole hivyo ndivyo vinavyoshika ioni ya manganisi, na ioni hiyo hiyo imeshikwa upande wa pili na vidole vya jirani, naye jirani ameshika nyingine, hata safu ndefu ikafanyika. Wanakemia huiita safu kama hiyo polima. Kwa sababu ya urefu wa safu hizo mankozebu haiyeyuki katika maji, ila kwa kiasi kidogo mno. Ikitiwa katika pampu ya mgongoni ya lita 20 huelea kama vumbi, na mpuliziaji asipotikisa pampu mara kwa mara unga hutuama chini: mistari ya kwanza ya shamba hupata mchanganyiko mzito na ya mwisho hupata karibu maji matupu.

Pana jambo la istilahi linalostahili kutajwa kabla ya kusonga mbele. Vitabu kadhaa huiweka mankozebu katika kundi la misombo ya oganometali, yaani misombo inayounganisha metali na sehemu zenye asili ya kaboni. Wanakemia wenye msimamo mkali hawakubali. Kwao jina hilo linastahili msombo ambao metali yake imeshikana na kaboni moja kwa moja, kama ulivyo msombo mwingine wa manganisi ujulikanao kwa kifupi kama MMT, ambao tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 umetumiwa katika baadhi ya nchi kuongeza oktani ya petroli. Katika MMT, atomi ya manganisi imekalia pete ya kaboni tano. Katika mankozebu, manganisi imeshikwa na salfa, na kaboni iko nyuma yake. Kwa kipimo hicho mankozebu ni jamaa wa mbali aliyekaribishwa katika ukoo kwa hisani. Wanaisimu, ambao wamegombana miaka na mikaka juu ya mipaka ya kirai na kishazi, bila shaka watawaelewa wanakemia.

Adui mwenyewe

Ugonjwa unaowapeleka wakulima madukani huitwa bakajani chelewa katika vitabu vya ugani. Ni tafsiri sisisi, na haielezi vyema, kwa kuwa ugonjwa huu haungoji mtu achelewe. Husababishwa na kiumbe ambacho Anton de Bary, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, alikipa mwaka 1876 jina la Phytophthora, linalomaanisha mwangamiza mimea kwa Kiyunani. Ndicho kilichoteketeza viazi vya Ayalandi kuanzia mwaka 1845, na njaa iliyofuata ikaua watu wapatao milioni moja. Nchini Kenya kiliripotiwa mwaka 1941.

Nyanda za Mlima Kenya zinakifaa mno. Mji wa Nyeri uko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na mashamba mengi ya viazi yako juu zaidi ya hapo. Kiumbe hiki hupenda ubaridi wa wastani na majani yaliyolowa kwa saa nyingi mfululizo. Msimu wa njahi, yaani mvua ndefu za Machi hadi Mei, na ule wa mwere, mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, humpa vyote viwili. Mbegu zake zisizoonekana kwa macho hupeperushwa na upepo au kurushwa na matone ya mvua, hutua juu ya jani lenye maji, huchipua na kupenya ndani. Kwa siku chache hakuna dalili yoyote. Kisha baka la rangi ya maji machafu hutokea, hugeuka jeusi, na upande wa chini wa jani huota utando mweupe wenye maelfu ya mbegu nyingine. Hali ya hewa ikiruhusu, mzunguko huo wote huchukua chini ya juma moja. Shamba lililokuwa la kijani Jumapili huweza kunuka uozo Jumapili ya pili. Si ajabu kuwasikia wakulima wakisema kwamba viazi vyao "vimechomwa na baridi". Wamekosea kuhusu chanzo, lakini hawakukosea kuhusu majira.

Kinga si tiba

Mankozebu haipenyi ndani ya jani. Hukaa juu yake kama rangi juu ya ukuta. Inapokutana na unyevu na hewa huanza kuvunjika, na vijenzi vinavyozaliwa hushambulia vimeng'enya vya mbegu ya ugonjwa inayojaribu kuchipua, hasa mahali ambapo vimeng'enya hivyo vina salfa. Kwa kuwa hushambulia vimeng'enya vingi kwa pamoja, si kimoja tu, ugonjwa hupata shida kubwa kuizoea. Hiyo ndiyo fahari ya mankozebu: imetumika kwa zaidi ya nusu karne na usugu dhidi yake ni nadra. Viuakuvu vya kisasa vinavyopenya ndani ya mmea na kupiga mahali pamoja tu havikubahatika hivyo. Metalaksili, kwa mfano, ilikwisha kukutana na usugu barani Ulaya kufikia mwaka 1980, miaka michache tu baada ya kuingia sokoni, na ndiyo sababu mara nyingi huuzwa ikiwa imechanganywa na mankozebu, kama ilivyo katika Ridomil Gold MZ.

Lakini fahari hiyo ina upande wa pili. Mbegu ikishapenya, mankozebu iliyo juu ya jani haiwezi kuifuata. Jani lililochipuka baada ya kupulizia halina kitu juu yake. Mvua kubwa ikinyesha, sehemu ya unga huoshwa. Kwa hiyo unga huu hupuliziwa kabla ya dalili kuonekana, na hurudiwa kila baada ya siku 7 hadi 10 hivi wakati wa mvua, kwa kadiri lebo inavyoelekeza. Anayengoja kuona baka amengoja mno.

Na mchukulieni mama mmoja wa kubuni, mwenye robo ekari ya viazi, aliyeingia agroveti siku ya soko. Kijana wa kaunta anamwuliza, "Mama, zimeshikwa?" Anajibu kwamba zimeshikwa, majani ya chini yamekuwa meusi, naye anataka dawa. Anapewa unga, analipa, anapulizia jioni hiyo. Baada ya siku tano shamba limekwisha. Hapo huwa na maneno mawili tu: ama dawa ilikuwa ghushi, ama haina nguvu, na safari ijayo ataongeza kipimo. Bidhaa ghushi zipo, hilo halina ubishi. Hata hivyo katika kisa hiki unga ulikuwa halisi na kipimo kilikuwa sawa. Kilichokosewa ni wakati, na wakati ulikosewa kwa sababu ya jina.

Dawa, neno lililokuja katika Kiswahili kutoka Kiarabu, kwa msemaji wa leo ni kitu anachopewa mgonjwa. Mtu hanywi dawa ya malaria akiwa mzima wa afya, hungoja homa. Mkulima aliyeambiwa kwamba unga ni dawa huufuata mantiki hiyo hiyo, tena kwa usahihi. Anangoja shamba liugue. Lugha haikumdanganya kwa makusudi, lakini ilimpa ramani ya mji mwingine.

Itakuwa si haki hata hivyo kulilaumu neno peke yake. Msomaji wa fasihi simulizi anajua kwamba dawa katika matumizi ya kale ilikuwa pana kuliko kidonge. Palikuwa na kago, iliyowekwa shambani ili mwizi asiguse mazao. Palikuwa na fingo, iliyofukiwa ardhini kulinda nyumba. Palikuwa na zindiko. Zote hizo ziliitwa dawa, na zote zilitangulia madhara. Hakuna aliyefukia fingo baada ya nyumba kuvunjwa. Ukitazama kwa jicho hilo, mankozebu inafanana na kago kuliko inavyofanana na kidonge: huwekwa mapema, hukaa nje, na kazi yake ni kumzuia anayekuja. Upana huo wa maana umefifia katika Kiswahili cha mjini, ambacho kimelisalimisha neno dawa kwa hospitali na duka la kemia. Wahenga waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa wameielewa mankozebu kabla haijaundwa.

Njia ya unga

Mankozebu haitengenezwi Nyeri. Sehemu kubwa ya ile inayouzwa duniani hutengenezwa na makampuni ya India, yakiwemo UPL na Indofil. Unga ulio tayari kutumika huwa aghalabu na asilimia 80 ya mankozebu, na iliyobaki ni vitu vya kuusaidia kuelea na kushika jani. Kwa Kenya, bidhaa za namna hii huingia kwa meli kupitia Mombasa, na haziruhusiwi kuuzwa mpaka zisajiliwe na Bodi ya Udhibiti wa Bidhaa za Kuua Wadudu na Magonjwa ya Mimea, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 1982. Kutoka kwa waagizaji unga hupakiwa katika pakiti ndogo, kisha husafirishwa kwa barabara ya Thika na Sagana hadi rafu za Karatina, Nyeri na Nanyuki.

Safari hiyo ndefu ina hatari moja ambayo haionekani kwa macho. Mankozebu huharibiwa na unyevu na joto. Pakiti iliyofunguliwa na kuachwa stoo wakati wa masika huanza kuvunjika polepole na kutoa gesi zenye salfa. Mkulima anayebakiza nusu pakiti hadi msimu ujao huweza kupulizia unga ambao nguvu yake imekwisha kupungua.

Lebo za bidhaa hizi nchini Kenya huandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili. Hili ni jambo la kujivunia, na pengine ndilo andiko la Kiswahili cha kisayansi linalosambazwa kwa wingi zaidi vijijini, kuliko jarida lolote la chuo. Lakini pakiti ni ndogo, na herufi zimebanwa hata mzee asiye na miwani hawezi kuzisoma. Isitoshe, mnunuzi asiyemudu pakiti nzima huweza kupimiwa vijiko kadhaa katika mfuko wa plastiki. Huyo hapati lebo ya lugha yoyote. Hupata neno moja tu, dawa, kwa mdomo.

Mstari wa kijani

Chini ya lebo huwa na mstari wa rangi unaoonyesha ukali wa sumu: nyekundu, manjano, samawati na kijani, kutoka kali hadi nafuu. Mankozebu huangukia kwenye kijani. Shirika la Afya Duniani huiweka katika kundi la misombo isiyotarajiwa kudhuru papo hapo, na panya wa maabara huhitaji zaidi ya gramu 5 kwa kila kilo ya uzito wao ili nusu yao wafe. Kwa mpuliziaji, kijani husomeka kama ruhusa. Huvua glavu, huchanganya unga kwa mkono, hupulizia akiwa na shati jepesi.

Rangi hiyo inasema kweli, ila inajibu swali moja tu, la madhara ya siku hiyo. Haisemi lolote juu ya madhara ya miaka. Mankozebu ikivunjika, iwe mwilini, shambani au katika sufuria inayochemka, huzaa msombo mwingine uitwao ethilini-thiourea. Msombo huo huizuia tezi ya thairoidi, iliyo kooni, kutengeneza homoni zake, na umesababisha uvimbe wa saratani katika wanyama wa maabara. Nchini Costa Rica, watafiti waliowapima wajawazito wanaoishi karibu na mashamba ya ndizi yanayopuliziwa mankozebu kwa ndege waliukuta katika mikojo yao kwa viwango vya juu. Homoni za tezi hiyo ndizo zinazoongoza ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mjamzito ndiye wa kwanza anayepaswa kukaa mbali na pampu.

Mnamo Desemba 2020, Umoja wa Ulaya uliamua kutohuisha idhini ya mankozebu, kwa sababu ya madhara yake kwa uzazi na kwa mfumo wa homoni. Nchini Kenya iliendelea kuuzwa baada ya uamuzi huo. Mjadala wa kemikali zilizokataliwa Ulaya na kuuzwa Afrika ulikuwa umefika bungeni Nairobi tangu mwaka 2019, katika ombi lililowasilishwa na mbunge Gladys Shollei, na haukumalizika kwa siku moja. Katika ukanda wa Mlima Kenya mjadala huo una sura ya pekee, kwa sababu mashamba ya Timau na Nanyuki huuza mboga Ulaya, ambako masalio ya kemikali hupimwa, ilhali kabeji, nyanya na sukuma wiki za soko la Karatina hazipitii mizani ile ile. Viazi vina nafuu kidogo, kwa kuwa sehemu inayoliwa iko chini ya udongo. Nyanya na sukuma wiki hupokea unga moja kwa moja juu ya sehemu itakayoingia sufuriani, na kipindi cha kungoja kabla ya kuvuna, kilichoandikwa kwenye lebo, ndicho kinachomlinda mlaji.

Hata maabara ina upofu wake. Njia ya kawaida ya kupima masalio ni kuyachemsha katika asidi hadi yatoe gesi ya salfa na kaboni, kisha kuipima gesi hiyo. Lakini manebu, zinebu na ndugu zao hutoa gesi ile ile. Maabara hutaja ukoo, haimtaji mtu.

Jina lifaalo

Wakuzaji wa istilahi wametumia kiuakuvu, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ya mwaka 1990 ilionyesha kwamba kazi ya namna hii inawezekana. Kiuakuvu hata hivyo lina kasoro mbili katika muktadha huu. Kwanza, linaahidi kuua, na mkulima huweza tena kulielewa kama tiba ya kilichokwisha kuingia. Pili, kiumbe cha bakajani chelewa si kuvu: biolojia ya sasa imekitenga na kuvu na kukiweka karibu na miani ya majini. Kikinga-ukungu lingekuwa jina la mkato linaloeleweka kaunta yoyote ya Nyeri. Lina kinga mwanzoni, na ukungu wake unabeba maana zote mbili kwa pamoja, ule wa asubuhi na ule wa jani. Muuzaji akisema "Mama, hiki ni kikinga-ukungu, kimechelewa kwa shamba lililoshikwa", amekwisha kumfundisha somo zima la ugani, na pengine amemwokolea fedha.

Ipo njia nyingine ya kuupunguza unga huu, nayo ni mbegu. Mwaka 2010 watafiti wa Kenya walitoa aina mbili za viazi zinazohimili bakajani chelewa, Kenya Mpya na Sherekea. Jina la pili limeacha silabi moja ya sherehekea njiani, jambo ambalo wahariri wa Kiswahili hawatalisamehe upesi, lakini kiazi chenyewe hakihitaji kupuliziwa mara nyingi. Sokoni hata hivyo kinachoulizwa ni Shangi, kwa kuwa hukomaa mapema na huiva upesi jikoni. Shangi hushambuliwa kwa urahisi, na anayeipanda msimu wa njahi hupanda na safari za kila juma za kwenda agroveti.